Keïta Fodéba: Kutoka jukwaa la skuli hadi gereza la Boiro

Mwaka wangu wa pili katika skuli ya bweni huko bara, mwalimu wetu wa lugha alitupa kazi ya likizo ambayo wengi wetu tuliidharau. Alitaka kila mwanafunzi arudi kwao, akae na wazee wake, aulize habari za zamani na kuziandika kwenye daftari. Sisi wavulana wa pwani tulikuwa wachache katika skuli ile, na tulikuwa tumeshajifunza kutosema mengi juu ya kwetu. Kofia zetu tuliziweka ndani ya masanduku, na matamshi yetu tuliyabadili ili tusichekwe. Basi nilirudi Lamu na daftari tupu, nikakaa uani na bibi yangu mzaa mama, naye akanisimulia habari za ndugu yake aliyechukuliwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akavishwa sare za King's African Rifles, akapelekwa Burma na asirudi tena.

Habari ile niliigeuza mchezo wa kuigiza wa kama robo saa hivi. Mkuu wa skuli, ambaye sitamtaja yeye wala skuli yake, alipoyaona mazoezi yetu aliufuta mwisho wa mchezo kwa kalamu nyekundu, akataka yule askari arudi nyumbani na nishani kifuani. Siku ya wazazi tukauonyesha vile alivyotaka. Watu walipiga makofi sana. Mimi niliona haya, kwani nilijua kwamba bibi yangu hakupata kuiona nishani yoyote, wala barua, wala kaburi.

Hayo nilikuwa nimeshayasahau mpaka nilipokisoma kitabu cha Frantz Fanon kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa na kupigwa chapa Dar es Salaam mwaka wa 1978. Humo Fanon anaueleza kwa urefu utungo wa mtu mmoja wa Guinea, Keïta Fodéba, unaomhusu kijana mkulima aitwaye Naman aliyetolewa kijijini kwao akaenda kupigana vita vya Wazungu. Katika utungo huo askari harudi nyumbani. Nilipomaliza kurasa zile nilikiweka kitabu chini, nikamkumbuka bibi yangu na ile kalamu nyekundu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za Fodéba, na nilivyozidi kuzifuatilia ndivyo zilivyozidi kunitatiza. Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu huyu, kwani wengi wetu huku pwani hatumjui, ilhali alikuwa Mwislamu mwenzetu na habari zake zinatugusa.

MTOTO WA SIGUIRI

Fodéba alizaliwa mwaka wa 1921 katika mji wa Siguiri, kaskazini mashariki mwa Guinea, kandokando ya mto Niger karibu na mpaka wa Mali. Watu wa huko ni Wamalinke, na wengi wao ni Waislamu. Ni nchi iliyojulikana tangu zamani kwa dhahabu yake, na kwa wasimulizi wake waitwao jeli, ambao huirithi kazi hiyo baba kwa mwana, wakihifadhi kichwani nasaba za wafalme na habari za vita vyao, na kuzisema kwa kuimba huku wakipiga kora, ala yenye nyuzi 21.

Sasa msomaji na aangalie jambo moja. Jina la Keïta ni la ukoo wa Sundiata, mfalme aliyeiunda dola ya Mali katika karne ya 13. Kwa desturi za Wamalinke mtu wa ukoo huo husifiwa na jeli. Yeye mwenyewe hasimami mbele za watu akaimba na kucheza. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Tunajua jinsi wazee wetu walivyotofautisha baina ya mwungwana anayetunza na manju anayetunzwa, na jinsi mtoto wa ukoo fulani alivyokemewa akionekana ngomani. Fodéba aliuvuka mpaka huo, na kwa maoni yangu asingeuvuka lau si skuli aliyopelekwa.

Skuli hiyo ni École William Ponty. Wafaransa waliianzisha mwaka wa 1903 huko Saint-Louis, Senegali, wakaihamishia kisiwa cha Gorée mwaka wa 1913, kisha katika miaka ya mwisho ya 1930 ikapelekwa Sébikotane, si mbali na Dakar. Hapo walikusanywa vijana hodari kutoka makoloni yote ya Ufaransa ya Afrika ya Magharibi, wakafundishwa ualimu, ukarani na matayarisho ya udaktari. Félix Houphouët-Boigny, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Cote d'Ivoire, alipita hapo, na Modibo Keïta wa Mali pia. Mtoto aliyeingia Ponty alikuwa ameshauaga mji wake. Akitoka hapo alikuwa mtu wa serikali, na serikali ilimpeleka ilikotaka.

KAZI YA LIKIZO

Katika skuli hiyo ndipo ilipofanyika ile kazi ya likizo niliyopewa mimi miaka mingi baadaye, lakini kwa kiasi kikubwa zaidi. Wanafunzi wa Ponty walitakiwa warudi kwao wakati wa likizo ndefu, wawaulize wazee juu ya arusi, mazishi, uvuvi, hadithi na vita vya zamani, waandike kwenye madaftari. Mamia ya madaftari hayo yamehifadhiwa Dakar hadi leo. Msimamizi wa skuli, Mfaransa aitwaye Charles Béart, alikuwa amekwisha kuwashughulisha wanafunzi na michezo ya kuigiza huko Bingerville, Cote d'Ivoire, kabla hajahamia Ponty katikati ya miaka ya 1930. Wanafunzi waligawanywa kwa makoloni yao, watoto wa Dahomey pamoja, wa Guinea pamoja, wa Senegali pamoja, na kila kundi likatengeneza mchezo kutokana na mambo waliyoyaleta kutoka nyumbani. Maneno ya mchezo yalikuwa Kifaransa, kwani hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya skuli. Nyimbo tu ndizo zilizoimbwa kwa lugha za kwao.

Watoto wa Dahomey walionyesha mkutano wa mwisho wa mfalme wao Béhanzin na mjumbe wa Kifaransa aitwaye Bayol. Mwaka wa 1936 watoto wa Guinea walionyesha mkutano wa Samori Touré na Kapteni Péroz. Huyu Samori ndiye Almami aliyepigana na Wafaransa kwa miaka mingi mpaka alipokamatwa mwaka wa 1898, akapelekwa uhamishoni Gabon, akafia huko mwaka wa 1900. Miaka 36 tu ilikuwa imepita. Babu za baadhi ya vijana wale huenda walimwona Samori kwa macho yao. Mwaka uliofuata, 1937, kundi la Ponty likapelekwa Paris penye maonyesho makubwa ya ulimwengu, likaonyesha michezo miwili katika ukumbi wa Champs-Élysées, mmojawapo ukiwa Sokamé wa watoto wa Dahomey.

Wataalamu wamebishana sana juu ya michezo hiyo. Wapo wanaosema ilikuwa michezo ya kumfurahisha Mzungu: Samori wa jukwaani alifanywa katili na mjanja, magavana wakakaa mbele kwenye viti wakipiga makofi, na wanafunzi wakazoea kuzitazama mila zao wenyewe kama vitu vya makumbusho. Mimi siwapingi. Lakini na mimi nilikuwa mvulana wa bweni, na najua kitu ambacho huenda wataalamu hao hawakukipata madaftarini. Ukiwa mbali na kwenu, katika mahali ambapo kila kitu kinakufundisha uusahau mji wako, halafu mtu akakuruhusu usiku mmoja usimame na kuimba wimbo wa mama yako kwa sauti, wimbo ule hautoki tena kichwani. Mkuu wa skuli anaweza kuufuta mwisho wa mchezo. Kile kilichomwingia mwanafunzi hakiwezi kufutwa.

Fodéba aliingia Ponty mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati desturi hiyo ya michezo ilikuwa imeshakomaa. Alipotoka akawa mwalimu, akasomesha Senegali, kisha mwaka wa 1948 akasafiri kwenda Paris kusoma sheria.

PARIS

Sheria hakuimaliza. Paris ya siku hizo ilikuwa na wanafunzi na vijana wa Kiafrika wengi waliokaa katika vyumba vya baridi, wakila vibaya na kuota nyumbani. Fodéba akawakusanya. Kati ya mwaka wa 1949 na 1952 akaunda kundi lililoitwa kwanza Théâtre Africain, na baadaye likajulikana ulimwengu mzima kwa jina la Les Ballets Africains. Alikuwa na mpigaji gitaa hodari, Kanté Facelli, ambaye aliyaleta kwenye gitaa mapigo ya majeli wa kwao. Kundi hilo lilizunguka Ulaya na Afrika na mwishowe Marekani, na mwaka wa 1959 lilionyesha michezo yake katika mtaa wa Broadway, New York.

Hapa nitasema wazi kwamba si kila kitu cha kundi lile kingetupendeza sisi. Katika baadhi ya ngoma wanawake walicheza vifua wazi, jambo lililozusha mabishano hata kwa Wazungu wenyewe, seuze kwetu. Lakini Fodéba alilifikiri sana suala jingine, ambalo kila anayependa sanaa za pwani amewahi kulifikiri. Katika makala aliyoiandika mwaka wa 1957 katika jarida la Présence Africaine alieleza kwamba ngoma ya kijijini haiwezi kupandishwa jukwaani ilivyo. Kijijini ngoma huenda usiku kucha, na mtazamaji naye ni mchezaji. Ukumbini mtazamaji amekaa kitini, amelipa, na ana saa mbili tu. Basi ni lazima ngoma ifupishwe na ipangwe upya. Nakumbuka arusi za zamani za Lamu zilizochukua siku saba. Leo watalii huonyeshwa arusi hizo hotelini kwa nusu saa. Je, ile ni arusi au si arusi? Fodéba aliamini kwamba ikifanywa kwa moyo na kwa ujuzi, inaweza kubaki na ukweli wake. Mimi mpaka sasa sijakata shauri.

Ngoma hazikuwa peke yake katika kazi zake. Mwaka wa 1950 alichapisha kitabu cha tungo zake, na mwaka wa 1952 kikafuata kingine. Tungo hizo zilisomwa kwa sauti jukwaani huku kora na gitaa vikipigwa, kama jeli anavyosimulia. Ule wa Naman ndio mkubwa kuliko zote, nami nitausimulia kwa maneno yangu.

Ni alfajiri kijijini, watu wanakwenda kondeni. Naman ni kijana mkulima anayependwa, mwenye mke aitwaye Kadia. Siku moja yaja amri ya mtawala wa Kizungu kwamba kijiji kitoe mtu mmoja aende vitani. Wazee wakakaa baraza, wakashauriana, wakamchagua Naman, kijana atakayekipa kijiji sifa. Msomaji atazame hapo: Mzungu hakumkamata Naman kwa mkono wake. Wazee wake ndio waliomtoa, tena kwa heshima. Naman akaenda. Kadia akabaki akingoja. Habari zikawa zinakuja moja moja, kutoka Afrika ya Kaskazini, kutoka Ulaya, kwamba yu hai, kisha kwamba ametekwa na Wajerumani. Vita vikaisha. Kijiji kikajitayarisha kumpokea. Ndipo ikaja habari ya mwisho: Naman amefika Afrika salama, naye ameuawa Thiaroye, karibu na Dakar.

Thiaroye si jambo la kutungwa. Tarehe 1 Desemba 1944 askari wa Kiafrika waliorudishwa kutoka kambi za mateka za Wajerumani walidai malipo yao katika kambi hiyo, na jeshi la Ufaransa, jeshi lao wenyewe, likawamiminia risasi. Serikali ya Ufaransa ilisema waliokufa ni 35. Wanahistoria wengi wanasema walikuwa zaidi sana, na ilichukua miaka 80, mpaka Novemba 2024, kwa rais wa Ufaransa kulikiri jambo hilo kuwa ni mauaji ya halaiki. Fodéba aliliweka jukwaani miaka michache tu baada ya damu kumwagika. Mwaka wa 1951 serikali ya kikoloni ikazipiga marufuku kazi zake katika makoloni ya Afrika ya Magharibi. Mwanafunzi wa Ponty alikuwa ameuandika mwisho wa mchezo ambao hakuna mkuu wa skuli angeuruhusu.

Laiti maisha yake yangeishia hapo, makala hii ingekuwa rahisi kuiandika, nami ningeimaliza kwa dua.

KURUDI NYUMBANI

Fodéba alirudi Guinea kwenye siasa pamoja na Sékou Touré, kiongozi wa wafanyakazi aliyejinasibisha na kizazi cha Samori. Mwaka wa 1957, Wafaransa walipoyapa makoloni yao mabaraza ya mawaziri, mwandishi wa Naman akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwisho wa mwaka huo huo serikali yao ikafuta utawala wa machifu waliokuwa wakikusanya kodi na kutoa vijana kwa niaba ya Mfaransa. Anayewakumbuka wazee waliomtoa Naman hatashangaa kwamba Fodéba alikuwa ndiye waziri aliyehusika.

Tarehe 28 Septemba 1958 Guinea peke yake, kati ya makoloni yote ya Ufaransa katika Afrika, ilipiga kura ya kukataa kubaki chini ya Ufaransa, na tarehe 2 Oktoba ikawa huru. Wafaransa wakaondoka kwa hasira wakibeba walichoweza kubeba. Nchi changa ikahitaji wimbo wa taifa, na Fodéba akautengeneza kutokana na wimbo wa kale wa majeli wa kumsifu Alfa Yaya, mtawala wa Kiislamu wa Labé, ambaye Wafaransa walimhamisha mara mbili mpaka akafia Mauritania mwaka wa 1912. Les Ballets Africains likawa kundi la taifa. Kila skuli na kila wilaya ikatakiwa kuwa na kundi lake la ngoma na michezo ya kuigiza, na kushindana mpaka Conakry. Mtu angeweza kudhani kwamba ndoto ya Ponty imetimia, na safari hii bila gavana kwenye kiti cha mbele.

Lakini kiti kile hakikubaki kitupu. Michezo ile ya vijana haikuwa hiari, bali amri ya chama, na maudhui yake yalijulikana kabla pazia halijafunguliwa. Tena lipo jambo la kustaajabisha zaidi. Katika miaka ya kwanza ya uhuru serikali iliendesha kampeni katika nchi ya msituni, kusini mashariki, ya kukomesha vinyago na jando za siri. Vinyago vikatolewa hadharani, vikaonyeshwa kwa wanawake na watoto ambao kwa mila hawakuruhusiwa kuviona, vingine vikachomwa moto. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu watasema kwamba hapo serikali ilifanya jema, kwani hayo ni mambo ya ushirikina. Sitabishana nao. Nataka tu waangalie kwamba wakati ule ule ngoma za vinyago hivyo zilikuwa zikichezwa Ulaya na Marekani kwa jina la Guinea na kupigiwa makofi. Wenyewe walinyang'anywa kijijini kitu ambacho wageni waliuziwa tiketi wakitazame.

Mwaka wa 1961 Fodéba akawa Waziri wa Ulinzi na Usalama. Kabla mwaka haujaisha, viongozi wa chama cha walimu, waliolalamikia mishahara na mwendo wa serikali, walikamatwa na kuhukumiwa. Wanafunzi wa skuli wakaandamana Conakry, Labé na kwingineko kuwatetea walimu wao, na vyombo vya usalama vikawavunja kwa nguvu. Vyombo hivyo vilikuwa chini ya nani? Vilikuwa chini ya mwalimu wa zamani, mwanafunzi wa zamani wa Ponty, mtu aliyejifunza jukwaani kusema yasiyosemeka. Nimejaribu kumtafutia udhuru, nikasema labda hakuweza kumkatalia rais, labda aliamini kweli kwamba njama za Wafaransa zimeizunguka nchi, na kweli njama zilikuwako. Udhuru huo haunitoshi. Habari zake za miaka hiyo zimejaa faili, orodha na makachero. Waliopitia mikononi mwa watu wake walimwogopa kuliko walivyowaogopa wengi wa mawaziri.

Katika miaka hiyo pia, mjini Conakry, ndani ya kambi ya askari, lilitengenezwa gereza la siri lenye vyumba vidogo vya saruji na mabati, visivyo na madirisha. Wengi waliosimulia baadaye habari za gereza hilo wamelitaja jina la Fodéba kuwa ndiye aliyelisimamia. Mfungwa aliyetakiwa kufa bila kupigwa risasi alinyimwa chakula na maji mpaka roho imtoke. Kambi hiyo ikaja kuitwa Boiro mwaka wa 1969, kwa jina la ofisa wa polisi aliyeuawa mwaka huo alipokuwa akiwasindikiza wanajeshi waliokamatwa Labé.

KISA CHA LABÉ

Wanajeshi hao wa Labé ndio waliokuwa chanzo cha mwisho wa Fodéba. Mwaka wa 1965 alikuwa ameondolewa kwenye ulinzi, akapewa wizara ya mambo ya kilimo, na wenye kujua siasa za Guinea walielewa kwamba nyota yake inazama. Mapema mwaka wa 1969 serikali ikatangaza kwamba imegundua njama ya maaskari wa miamvuli wa Labé ya kuipindua. Mwezi wa Machi Fodéba akakamatwa pamoja na maofisa na mawaziri wengine, akatiwa katika gereza lile lile. Akahukumiwa kifo, na tarehe 27 Mei 1969 akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 48. Vitabu vyake na jina lake vikaondolewa midomoni mwa watu. Kundi aliloliunda Paris likaendelea kusafiri na kucheza kwa heshima ya rais aliyemwua.

Boiro haikushiba. Wasomaji wenye umri wangu watamkumbuka Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, aliyekuwa akitajwa kila siku redioni katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Yeye naye alifia humo mwaka wa 1977, kwa njaa na kiu. Sékou Touré alifariki Machi 1984, na siku chache baadaye wanajeshi wakaitwaa serikali na kuifungua milango ya Boiro. Ndipo waliosalia walipoanza kuandika.

Nimewahi kuulizwa na mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa akitafuta tungo za kuwasomesha wanafunzi wake wa tamthilia, kama inafaa kuwapa habari ya Naman, maadamu mwandishi wake alikuwa mlinzi wa jela. Nilimjibu kwamba inafaa, lakini awape na habari ya Boiro siku hiyo hiyo, isiwe wiki ya pili. Hakupendezwa na jibu langu. Aliona kwamba wanafunzi watavunjika moyo, na kwamba mchezo usimame wenyewe bila ya maisha ya mtungaji. Huenda ana haki. Lakini mimi nimekwisha kuona mchezo uliofutwa mwisho wake ili watu wapige makofi, na sitaki kuwa wa pili kuishika ile kalamu.

Wazee wa kijiji cha Naman walimtoa kijana wao kwa kuamini kwamba wanakiokoa kijiji. Sidhani kama Fodéba, alipokaa ofisini Conakry akitia sahihi karatasi za kukamatwa watu, alijiona tofauti nao. Aliyeandika habari ile alipaswa kulijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Hilo ndilo linalonisumbua kila nikiurudia utungo wake, na bado naurudia.

Jamaa za waliofia Boiro wameunda chama chao, na kwa miaka mingi wamedai waonyeshwe makaburi ya watu wao. Miongoni mwa wale waliozikwa bila kuoshwa, bila sanda na bila kusaliwa, yumo mtoto wa Siguiri. Bibi yangu naye, mpaka alipofariki, kila Ijumaa aliisomea Fatiha roho ya ndugu yake wa Burma, akaelekeza uso baharini, kwani hakujua aelekee wapi.